Mahame

Hindi hili nimelinunua kwa mia mbili
sokoni Kitangari, kwa mama aliyetaka kulitupa.
"Lina madoa, mwalimu. Watu wanaliogopa."
Nikalitia mkobani pamoja na chaki.

Kidato cha Nne B, kipindi cha baada ya uji.
Punje nyeupe, zina matone ya zambarau
kama kapita mtu na kalamu inayovuja.
Asumini Chitanda anayahesabu kwa ukucha.
Shazili anauliza kama tutalichoma.

Nawaambia: ndani ya punje mna maandishi,
herufi nne tu, kurasa hazina idadi,
na ndani ya maandishi yumo mhamaji.
Kitabu kinamwita transposoni.
Miguu hana. Ana mikasi,
kimeng'enya ambacho mapishi yake kayabeba mwenyewe tumboni.
Ncha zake mbili hutazamana kama uso na kioo;
mikasi huzitambua, hukata hapa, hukata pale,
humng'oa mzimamzima, humpachika kwingine.

Huyu alikaa katikati ya neno la rangi.
Neno likakatika, punje ikawa nyeupe.
Alipohama, neno likaungana,
zambarau ikarejea kwa chembe ile
na kwa wanawe, na kwa wajukuu.
Doa kubwa: alihama mapema, punje ingali changa.
Doa dogo: aliondoka watu wameshakula.

"Kumbe madoa ni saa," anasema Asumini.
Naliandika ubaoni kama alivyolisema.

Mwaka wa sabini na nne lori lilifika Mnalembe.
Baba alikuwa na miaka sita, alikumbatia kuku.
Hadi leo tukienda kuokota korosho kule mahameni
tunayakuta mafiga matatu, yamezama nusu,
na shimo la maji ya mvua lililoota nyasi.
Mhamaji naye hivyo hivyo:
pale alipong'oka husalia herufi mbili tatu
ambazo hazikuwapo kabla hajaja.
Neno husomeka. Lakini husomeka na mafiga yake.

Watafiti wamempa kazi.
Humtenga na mikasi yake, wakamtwisha jeni waitakayo,
mikasi wakaileta kando, kwa kipimo,
akaingia na mzigo ndani ya yai la samaki.
Au humwachia aangukie popote,
kisha wakae watazame nini kimezimika.
Kazi ya mtu utaijua siku kiti chake kimekaliwa na mwingine.

Bi Somoe alipokwenda Ruangwa kumwuguza bintiye
wiki tatu uji ulichelewa, hilo tulilitegemea.
Ila na kengele ikanyamaza.
Na mbuzi wakaimaliza michicha ya shule.
Ndipo tukajua mlinzi alikuwa analala tangu Januari.

Kuna mmoja alikuwa mfu,
mamilioni ya miaka, katika miili ya samaki.
Wakakusanya mabaki yake huku na huku,
wakalinganisha, wakasahihisha tahajia herufi kwa herufi,
kama mimi na madaftari yenu usiku wa Jumapili.
Akaamka. Akaruka.
(Madaftari yenu bado.)

Na sisi je?
Katika kila herufi mia zetu, kama tatu
ni za wahamaji wa aina hii, wote wamelala,
mahame juu ya mahame, hakuna anayepika.
Lakini mikasi ya mmoja wao wa kale
mababu wa mababu, kabla hawajawa watu, waliinyang'anya;
ndiyo hukata na kuunga ndani ya chembe za damu
tupate askari wa kila sura kwa kila adui.
Shazili, ile homa yako ya mwezi uliopita,
ulitibiwa na dawa, na pia na mvamizi aliyelowea.

"Alilipwa nini?" anauliza Shazili.

Sijui. Natafuta jibu kwenye chaki.
Kengele inalia: Bi Somoe amerudi.
Viti vinaburuzwa, darasa linamwagika uani,
na hindi limebaki mezani peke yake
lina mapengo mawili ambayo asubuhi halikuwa nayo.