Safu ya Tatu

Daftari la ofisi lina safu nne:
jina, umri, tatizo, msaada.
Mwaka nilioajiriwa niliandika, kwa mwandiko wa chuoni:
Mbuke Masalu. Sabini na mbili. Macho mekundu.
Sabuni miche miwili, blanketi moja.
Akatia dole gumba. Nikapanda pikipiki ya manispaa,
mwepesi kama aliyelipa deni.

Kayenze, ukishuka mwaloni, nyumba yake
ni ile ambayo njia inaizunguka.
Zamani njia ilipita mlangoni.
Miguu ya watu imeihamisha, taratibu, bila kikao,
majani yameota pale palipokuwa na hodi.

Na macho hayo?
Miaka thelathini ya kukaanga mapanki,
moshi wa samadi, uso juu ya karai tangu alfajiri.
Wanaomwita mchawi
meno yao yamekomaa kwa mifupa ya karai hilo.

Blanketi la pili alilipokea
akaliweka juu ya la kwanza, ambalo bado lilikuwa na mkunjo wa dukani.
"Mwanangu, baridi yangu haiko mgongoni.
Niletee mtu wa kuniomba chumvi."

Hakuna fomu ya chumvi.
Nilitafuta.

Siku hizi nafika mikono mitupu.
Nakaa kwa Ng'wasi, jirani, aliyeacha kumsalimia
tangu ng'ombe wake wafe; nasikiliza habari za ng'ombe
mpaka mwisho, mmoja mmoja na rangi yake,
maana naye ana kilio chake.
Nakaa na vijana wa mwaloni
wanaorusha mawe kwenye bati lake usiku
na mchana hawanitazami usoni.
Mmoja aliniuliza kama na mimi nimeshalishwa kitu.

Ripoti ya robo mwaka inataka idadi.
Niandike nini? Vikombe vya uji: vitatu.
Hodi: moja. Mtoto wa Ng'wasi, Jumatano,
katumwa chumvi, kasimama mbali na kizingiti,
mkono kaunyoosha kama anayelisha mbwa mkali,
katimka kabla ya asante,
chumvi nusu imemwagika njiani.

Usiku huo nilifungua daftari la zamani.
Safu ya tatu. Nikayakata "macho mekundu"
kwa mstari mmoja, mwembamba, yasomeke bado,
nisije nikasahau nani aliyaandika.
Juu yake nikaandika: njia.