Hodi Mara Tatu

Gitaa la plastiki, vitufe vitano,
cha kijani kimefifia kwa kidole cha Ilmo, kaka yake.
Tuulikki analichomeka. Hodi.
Skrini: Kifaa hakitambuliki.

Nje, Tampere, theluji imefika magotini.
Ndani watu sitini na harufu ya soksi mbichi,
mwamuzi anatazama saa.
Anachomoa, anapuliza, anachomeka. Hodi.
Kimya. Mashine mpya haijui ukoo wa zamani.

Basi anatoa mfukoni kile kidude
alichokilehemu jikoni usiku wa kuamkia leo,
waya tatu na kibati, kimeviringishwa utepe wa gundi:
mkalimani wa mashine mbili zisizosalimiana.
Hodi.
Taa ya bluu. Karibu.

Lakini mkalimani huchelewa. Kila neno
hulitafuna kidogo kabla ya kulisema,
na kidogo hicho ndicho kilichomwangusha Ilmo mwaka jana.

Tuulikki hafuati anachosikia.
Anabonyeza kabla ya ngoma,
kama mtu anayejibu swali
ambalo mwenzake bado anavuta pumzi aliulize.

Noti mia nane na mbili.
Anakosa moja, ya rangi ya chungwa.
Hiyo ndiyo aliyoisubiri.