Kijiko

Waliileta Igowole juu ya mkokoteni wa kuni,
mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia,
nyekundu, kiti kimepasuka, sponji imelowa.
Nyuma yake Sigifridi Kihwele, dereva wake miaka tisa,
kofia mkononi, ukungu umemganda nyusini.
"Imenoki," akasema, kwa sauti ya msibani.

Sikumuuliza alipima lini oili.
Nilichomoa stiki: kavu kama ulimi wa mwenye homa.
Nikaifuta hata hivyo. Mazoea.

Nikafungua sampu. Konrodi vipande vitatu,
kimoja kimetoboa bloku kikatoka nje,
na kwa tundu lile, ukubwa wa sarafu ya mia,
niliuona mlango, barabara, na chai ya kampuni
imelala kijani mpaka misitu inapoanzia.
Nadhani nilicheka. Yeye hakucheka.
Meneja amesema watakata kwenye mshahara,
miezi kumi na minne,
na binti yake ndiyo kwanza kaingia kidato cha tatu.

Krenki ilikuwa imevikwa alumini iliyoyeyuka.
Siku mbili, msasa na mafuta ya taa,
vidole vinakufa ganzi, navipasha jikoni, narudi.
Nasugua, napima kwa ukucha.
Ukucha ukikwama, bado.
Siku ya tatu jioni ukateleza.

Konrodi nyingine niliipata Makambako, kwa mama Mbilinyi,
ndani ya pampu iliyozama mtoni mwenyewe akaisusa.
Tundu nikaliziba kwa kipande cha sufuria,
gundi ya chuma, bolti nne, na bismillahi ya jirani
maana mimi Mlutheri nilikuwa nimeishiwa.

Halafu nikamwita Sigifridi
nikamwonyesha, chini kabisa ya konrodi, kijiko.
Kidogo. Mtoto hawezi kulia uji.
"Hiki huchota oili, hurusha juu, kila mzunguko.
Humu hamna pampu. Ni hiki tu.
Oili ikishuka chini yake kinachota hewa,
na kinaendelea kuchota, hakijui."
Akakitazama muda mrefu.
"Hakijui," akasema.

Alhamisi. Starta ilishakufa, nikazungushia kamba.
Ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa.
Ya tano, moshi wa buluu, kuku wa jirani juu ya bati,
kisha ule mlio, si mzuri, una kigugumizi,
lakini umekaa.

Sikumficha: inavuja, chini ya kiraka,
tone moja kila asubuhi.
Akapanda, akaondoka wima kama bwana harusi,
akafika kona ya kanisa, akazima.
Nikashika kiuno, nikasema basi tena.
Kumbe ameshuka, amechomoa stiki,
anaifuta kwa upindo wa koti,
anaichomeka,
anaichomoa tena,
anaielekeza kwenye mwanga uliokuwepo.