Sakafu Isiyofagiwa

Bosi wa Mikocheni alileta picha:
sakafu ya Warumi, karamu imekwisha,
mifupa, makombo, panya akiguguna kokwa,
vyote vijiwe, vyote uongo mtupu.
“Nataka hii. Ila iwe ya kwetu.”

Chambuso akavunja vigae vya Gerezani,
akapiga magoti wiki tatu:
miba ya kibua,
ganda la chungwa lililojikunja,
kizibo cha soda na kivuli chake.
Kivuli ndicho kilichomlia siku nne.

Jumatatu Tumsifu akaja na ufagio.
Akafagia. Akarudia.
Akachuchumaa, akakwangua kwa ukucha,
akaguna:
“Uchafu wa hawa nao hautoki!”

Nje getini,
akihesabu ujira uliokatwa,
fundi aliusikia ufagio umesimama,
akaanza kuhesabu upya.