Jungu la Theramo

Sitataja jemadari,
wala meli na safari,
wala kuta za fahari,
mji ulobomolewa.

Nataja jungu la shaba,
la ng'ombe kumi na saba,
na damu yake si haba,
vitani lilotolewa.

Theramo wa Thesalia
hekaluni kaingia,
mzee kashikilia
jiwe linalochinjiwa.

Mzee kapiga goti,
kakatikwa na sauti,
akikimbia mauti,
hifadhi apate pewa.

Shaka haikumshika,
upanga ukazamika,
na jungu akajitwika,
damu bila kuoshewa.

Nikareta, mwana wake,
kafungwa mikono yake,
akatwaliwa apike,
na divai kuitiwa.

Miaka kumi na mbili
alipika kwenye hili
jungu lenye waa kali
lisiloweza futiwa.

Ndipo akaja malenga,
miguuni ni mchanga,
kinubi chake kafunga,
mlangoni kapokewa.

Akaoshwa na miguu,
akapewa kiti juu,
na pande la nyama kuu
junguni likatolewa.

Akaghani ya vitani,
mzee wa hekaluni,
na muuaji, ni nani,
hakuwa ameambiwa.

Theramo katua kombe:
"Malenga, nipe ujumbe:
huyo mwenye huo wembe,
ni lipi alotendewa?"

"Hapo," kasema, "sijui,
shairi halifikii,
mwisho wake hautui
hadi deni kulipiwa."

Theramo kavua pete,
akameza yake mate:
"Imba kwamba siku zote
na mungu kabarikiwa."

Malenga kaitazama
pete, kisha ile nyama,
mkono ukasimama
kana kwamba kazuiwa.

Aliyeshika birika,
divai ikimwagika,
neno moja likatoka,
jina lililofukiwa:

"Filino ni baba yangu,
mfuga nyuki wa mungu;
asali, katika jungu
hili, ilihifadhiwa."

Hakuongeza jingine,
wala chozi walione;
na macho yao wengine
Theramo kageukiwa.

Pete ikabaki pale
mezani, na nyama ile;
malenga kapita mbele
bila taa kushikiwa.

Radi haikupasuka,
wala nyumba kuanguka,
miungu haikushuka,
wala yeye kuuawa.

Ila wimbo ulipita,
kila soko ukaota,
kisimani walochota
na jina wakatajiwa.

Mgeni wa kiangazi
hakuzikanyaga ngazi,
kalala zizi la mbuzi
wakati anangojewa.

Akiulizwa mwanawe,
"Ni mwana wa nani wewe?"
aliyatazama mawe
kama mtu alolewa.

Uzeeni kasugua
kwa jivu, chumvi, na mvua,
jungu; waa likakua,
hakuna wa kupikiwa.

Mimi ninayeyanena
ni damu ya huyo mwana;
sina shamba, sina jina,
nyuki tu nimeachiwa.

Asali yao huila
mgeni, kisha hulala;
simdai pete wala
jina, bila kuambiwa.