Inatafuta Vifaa Vilivyo Karibu

Saa sita na nusu mchana, Spring Bank, Hull.
Mvua ya hapa hainyeshi, inanung'unika dirishani.
Kule Wete ni saa tisa na nusu
na Shaame, kitindamimba wetu, anafungwa kilemba.

Nimebadilishana zamu na Bozena wa kiwandani
kwa ajili ya saa hii moja.
Zuwena amekaanga sambusa thelathini na sita,
Faki amevaa kanzu juu ya suruali ya mazoezi,
mapazia tumeyafunga kama sinema,
na runinga ya sebuleni, inchi hamsini,
inatuonyesha picha ya ziwa lisilo na jina.

Nabonyeza kile kijumba chenye mawimbi pembeni.
Inatafuta vifaa vilivyo karibu.
Kaduara kanazunguka, kanazunguka.
Karibu gani tena? Naigusa kwa goti!

Kila mtu ni mganga, maradhi yakiwa ya mwenzake.
"Zima, washa," asema Faki. Tukazima, tukawasha.
"Labda bluutuzi." Haikuwa bluutuzi.
"Kaka yangu wa Birmingham huchomoa waya,
huhesabu mpaka sitini, ndipo huurudisha."
Tukahesabu. Zuwena alipofika arubaini na tatu
akakumbuka mafuta jikoni,
tukaanza moja.

Rimoti ina betri moja mpya na moja ya zamani,
mgongo wake umefungwa plasta ya kidonda.
Tukaingia kwenye mipangilio, tukatoka,
tukaingia tena kwa mlango mwingine;
runinga ikatugeukia, ikawa yasema Kicheki,
tukairudisha kwa kukumbuka rangi za vitufe.

Na kwenye simu, kioo cha ukubwa wa kiganja,
shangazi yuko dirishani anachungulia ukumbi:
"Mnaona? Mnaona?"
Twaona, shangazi. Twaona sikio lako.

Saa kumi kasoro kumi kwao,
orodha ikafunguka ghafla. Jina moja tu:
Televisheni (2).
Nikabonyeza bila hata bismillahi.
Simu ikasema: Imeunganishwa.
Sebuleni, ziwa lilelile.

"Imeunganishwa na nini?" akauliza Zuwena,
na hapo ndipo tuliposikia vigelegele
juu ya dari.

Kisha ndara, ngazi baada ya ngazi.
Bwana Ormerod wa chumba cha juu.
Mwaka wa pili huu twachangia friji,
hatujachangia mazungumzo.
Akasimama mlangoni, miwani pajini, kikombe mkononi.
"Samahani. Niliwasha niangalie mabiliadi.
Sasa kuna harusi chumbani mwangu."
Akanyamaza.
"Nzuri sana. Ila nadhani ni yenu."

Nikaomba radhi mara tatu, kidole tayari kukata.
"Usikate! Yule mama wa manjano
yuko katikati ya jambo."

Basi tukapanda, sinia mbele,
Faki na kanzu yake akakalia ndoo iliyopinduliwa,
sisi wawili ukingoni mwa kitanda cha mtu
tusiyelijua jina lake la kwanza.
"Mbona bwana harusi hacheki?" akauliza.
Nikasema ni desturi.
"Hata mimi sikucheka. Viatu vilinibana."

Shehe akamaliza. Shaame akafungua kinywa:
"Nime—"
na picha ikaganda.
Kaduara.
Watu wanne tukainama mbele kwa pamoja,
Bwana Ormerod na sambusa yake njia panda ya mdomo,
tukiisukuma ile silabi kwa macho
kutoka Pemba
"—kubali."
Zuwena akapiga kigelegele. Ukuta wa jirani ukagongwa.

Jumatano ndipo nilipogundua:
mwenye nyumba alibadilisha nenosiri la waifai wiki iliyopita,
na runinga yetu, maskini, ilikuwa bado inabisha hodi
kwa lile la zamani.
Herufi kumi na mbili tu. Ziwa likaondoka.

Sijamwambia Bwana Ormerod kuwa imepona.
Jumamosi bibi harusi anatolewa nje,
naye amekwisha nunua viti viwili vya kukunja.