Nusu kwa Nusu

Usiku huu nimefungua milango miwili ya duka moja.
Wanaokuja nawagawa kama karata,
huyu kushoto, huyu kulia,
wala hawajui kwamba wamegawanywa.
Kushoto, kitufe cha kijani: Agiza godoro lako.
Kulia, cha rangi ya chungwa: Lala vizuri leo.
Kila anayebofya tangazo ananigharimu lei moja na nusu,
anunue asinunue,
hata kama kidole kimemteleza tu ndani ya tramu.

Nje, Iași imefunikwa na theluji.
Casian yuko jikoni, anakaanga mayai saa saba za usiku,
anauliza kupitia ukutani: "Ngapi?"
"Tisa kwa nne. Chungwa inaongoza."
"Basi ua kijani, Ilinca!"
Siui. Nimeshawahi kuua mapema:
mwaka jana, tangazo la dawa ya kupe wa mbwa,
nilimvika taji aliyekimbia hatua kumi,
nikamzika aliyekuwa bado anafunga kamba za viatu.

Siku ya tano: thelathini na moja kwa thelathini na tatu.
Rangi haikuwa na neno.
Ukitoa kamisheni, lei mia sita zimekwenda na maji
ili nijue kwamba watu hawajali chungwa wala kijani.
Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Wahenga hawakulipia mbofyo.

Tukajaribu saa inayohesabu kurudi nyuma:
Zimebaki dakika kumi na nne.
Ikashinda, Mungu wangu, ikashinda vibaya sana,
Casian akacheza na kikaango mkononi.
Wiki mbili baadaye magodoro yakaanza kurudi,
moja baada ya jingine, yamefungwa kamba,
na kila lililorudi likaing'oa kamisheni yake mfukoni mwetu.
Aliyekimbizwa hununua akihema;
pumzi ikimrudia, naye hurudisha.

Ndipo nikaketi kutazama vidole.
Kuna chombo kinachoniwekea nyendo zao, bila majina, bila nyuso,
nukta ya kijivu tu ikishuka, ikipanda, ikisita.
Nukta moja ya Botoșani ilikuja mara kumi na moja,
kila mara kati ya saa tisa na saa kumi za usiku.
Haikugusa kichwa nilichokiandika upya mara ishirini.
Haikusimama kwenye picha ya mume na mke
wanaocheka wamelala (nani hucheka amelala?).
Ilikwenda moja kwa moja chini, chini kabisa,
kwenye maandishi madogo kama mchanga:
nani hulipia godoro likirudishwa,
nani hulibeba kutoka ghorofa ya nne.
Ikakaa hapo.
Ikaondoka.

Nikayapandisha yale maandishi, nikayaweka chini ya bei,
nikayanenepesha:
Lisipokufaa, tutakuja kulichukua wenyewe mlangoni kwako. Hulipi kitu.
Nikawafuta wanaocheka.
Milango miwili tena, nusu kwa nusu,
siku tisa, tarakimu nimezifungia
na nywila ameishika Casian
nisije nikachungulia.

Hamsini na nane kwa tisini na sita.
Safari hii Casian hakucheza. Alisoma mara mbili,
kisha akaniwekea yai sahanini bila kuniuliza.

Na ile nukta ya Botoșani?
Ilirudi mara ya kumi na mbili, usiku wa sita wa jaribio.
Nimeitazama baadaye, kahawa ikipoa.
Sarafu ya mtambo iliiangukia vibaya:
ilipewa mlango wa zamani,
wenye mume na mke, wenye mchanga chini.
Ikashuka palepale inapopajua.
Ikakaa sekunde arobaini.
Daftarini imeandikwa: hakununua.

Asubuhi nikaufunga mlango ule.
Sasa wote wanapita mmoja, na hesabu ni nzuri, tumelipa hata kodi ya Machi.
Lakini spiringi ya godoro langu la tangu chuoni
hunichoma ubavu kwenye saa tisa hivi,
nami, maadam nimeamka,
nafungua kompyuta
kuangalia kama kuna nukta.